Ng'ombe wa Nyemo Walioko Kolo

Nyemo mwanangu,

Ya safari ya chuo mama yako ameshakwambia yote, tena mara mbili mbili. Usinunue mayai ya barabarani, usimpe mtu begi akushikie, ukifika Mwanza upige simu kwanza ndipo ule. Mimi sina cha kuongeza hapo. Kama kuna kitu cha safari ambacho mama yako amekisahau, basi kitu hicho hakipo duniani.

Nakuandikia jambo lingine. Wiki nzima hii nimetaka kukwambia kwa mdomo nikashindwa. Juzi ulipokuwa unafua pale bombani nilikuja nikasimama, ukaniuliza, "Baba, unataka nini?" Nikasema nataka ndoo. Sikuwa na haja na ndoo. Nikaibeba mpaka ndani, nikaiweka chini, nikaiangalia kama mjinga.

Unajua kwamba nadaiwa. Miyuji nzima inajua. Unakumbuka siku uliyotoka chumbani umeshika simu, uso umekubadilika? "Baba, hawa kina nani? Wanasema nikwambie uache utapeli ulipe hela za watu." Ujumbe ule ule ulikuwa umeshaenda kwa mchungaji, kwa mwalimu wako wa hesabu, kwa fundi cherehani, mpaka kwa bwana mmoja niliyewahi kumuuzia baiskeli, wala jina lake silikumbuki vizuri. Nikakwambia ni matapeli wa mtandaoni, futa tu. Hawakuwa matapeli, mwanangu. Nilikopa kweli, kwenye simu, na ukichelewa hao hutuma aibu yako kwa kila namba uliyohifadhi. Nilibonyeza "nakubali" mwenyewe, tena nimejifungia chooni ili mama yako asione.

Ilianzia Kibaigwa, kule soko la mahindi, na nataka ujue ilivyokwenda, kwa sababu watu watakusimulia kwa namna yao. Mwaka ule nilichukua mahindi kwa wakulima kwa mali kauli. Maana yake unabeba mzigo wa mtu leo, unamlipa ukishauza, na kati yenu hakuna karatasi, kuna neno lako tu. Mimi neno langu lilikuwa zuri. Watu walikuwa wananipa magunia huku wanacheka. Bei ilikuwa nzuri na mimi nikasema bado, nisubiri kidogo, itapanda. Wenzangu wakauza. Kuna mmoja aliniambia, "Kaka, mahindi siyo ardhi, hayakai." Nikamjibu kwamba uoga ndiyo umasikini wake. Basi nikasubiri. Magari ya wanunuzi yakapungua, bei ikaanguka, dumuzi wakaingia ghalani, na nilipofungua yale magunia unga ulikuwa unamwagika kabla hata ya mashine.

Wakulima wakaanza kuja nyumbani. Hawakunitukana. Walikuwa wanakaa pale kibarazani, wanakunywa maji, wanasema, "Tumekuja kukusalimia tu." Nilishindwa kuvumilia zile salamu. Nikaenda kwa wale wa mikopo ya kausha damu, ya riba ya kila siku, nikakopa, nikawalipa wakulima wote. Hilo nililifanya na silijutii. Lakini kausha damu ikikukaba unatafuta nyingine ya kuilipa, na ya tatu ya kuilipa ya pili. Mwishoni unakopa kwenye simu hela ya kulipa riba ya siku hiyo tu, na jioni unakula ugali kama mtu wa kawaida. Hiyo ndiyo iliyonichosha zaidi. Unaishi kama mtu anayekimbia, na kila asubuhi uko pale pale.

Kuna jamaa aliniambia sheria ipo. Mtu akizidiwa na madeni anaweza kwenda mahakamani mwenyewe aseme nimeshindwa, mahakama ikaangalia mali yake na wadai wake, ikapanga. Inaitwa ufilisi. Mimi nilidhani kufilisika ni tusi tu la kumtupia mtu kilabuni, kumbe lina faili lake. Akasema, tafuta wakili.

Mwanangu, kutafuta wakili wa kukusaidia kufilisika ni kazi ya kukutoa machozi. Kwanza kila mmoja anataka hela, na wewe umekwenda kwake kwa sababu huna hela. Niliingia ofisi moja, kijana amevaa tai, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ufilisi? Hiyo ni ya makampuni, mzee. Wewe wakimbie tu." Nimkimbie nani? Watu wanajua mpaka rangi ya geti langu. Mwingine akasema yeye anafanya ardhi. Mwingine mirathi. Nikamwambia, "Basi ngoja nife, nitarudi." Hakucheka.

Ndipo nikampata yule bwana wa pale karibu na mahakama, kwenye kibanda cha chai. Suti nyeusi, faili kwapani, anasalimiana na kila anayepita. "Mzee wangu, kesi yako nyepesi kama maji." Akaanza lete ya stempu, lete ya karani, lete ya kumwona mheshimiwa. Niliuza pikipiki kwa ajili ya mtu yule. Wewe nilikwambia imeibiwa, ukaenda kanisani ukaniombea. Baadaye simu yake ikawa haipatikani. Nikarudi kibandani kumuulizia, yule mama wa chai akaniangalia kwa huruma.

"Yule? Yule siyo wakili, baba. Kishoka tu. Hata hapa kwangu nadai chai yake ya mwezi mzima."

Nikakaa kwenye benchi. Akanimiminia chai. Akasema, "Kunywa tu, hii haina deni." Nikacheka, halafu ghafla nikawa nalia, mtu mzima, mbele ya watu wenye sambusa.

Karani mmoja aliyekuwa pale ndiye aliyenifundisha. Alisema mawakili wote wa kweli wana orodha yao, inaonekana mtandaoni, unatafuta jina la mtu kabla hujatoa hata mia. Unakumbuka nilikuletea kipande cha karatasi chenye majina, nikakuomba unitafutie kwenye simu yako? Ukaniuliza ni ya nini, nikasema kuna rafiki yangu ana kesi. Ukasema, "Mwambie huyu wa katikati hayupo, huyo mwongo." Ulisema vizuri, bila kujua unazungumza na rafiki mwenyewe. Katika yaliyobaki, la kwanza ndilo nililokwenda nalo.

Ni mwanamke, mtu wa Bukoba, ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la pembejeo, unapanda ngazi huku unanusa dawa ya mahindi. Nilimwona mdogo nikakata tamaa. Akaniamkia, "Shikamoo mzee," akanipa kiti, akafungua daftari.

"Unadaiwa na nani?"

"Na watu, mama."

"Watu wana majina, mzee wangu. Tuanze na wa kwanza."

Tulikaa mpaka adhana ya alasiri. Sijawahi kuyataja madeni yangu yote mahali pamoja. Nilivyokuwa nayabeba kichwani yalikuwa yanapokezana, moja likija jingine linajificha. Kwake yalikuja yote yakapanga foleni. Akaniambia kwanza ataandikia wale wakopeshaji, maana wengine riba yao haina hata leseni, watakaokubali kupunguza watapunguza. Wakikataa ndipo tupeleke ombi Mahakama Kuu. Malipo yake nitoe kidogo kidogo. Halafu akaweka kalamu chini.

"Lakini sikiliza, mzee. Ufilisi siyo kufutiwa deni kama ubao. Unakwenda kujivua mbele ya mahakama, kwa hiari yako, kila kitu. Ulichonacho na unachodaiwa. Ukificha kitu kikaonekana, mimi najitoa, na wewe utarudi pale kwa kiapo cha uongo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Nyumba?"

"Vyumba vitatu, Miyuji."

"Mifugo?"

"Kuku wa mama watoto."

"Ng'ombe?"

Nikasema, "Walikuwepo. Ukame umewamaliza."

Akaniangalia. "Mimi natoka kwenye migomba, ng'ombe wenu siwajui. Lakini nauliza tena. Mtu wa Dodoma, umri wako huu, hana ng'ombe?"

"Hana."

Akaandika hana.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika tangu siku ya ndoo.

Unajua sisi Wagogo mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Unampelekea rafiki wa mbali wachache, anakufugia, anakunywa maziwa, mara moja moja anapata ndama wake. Ugonjwa ukija huku, kule wanapona. Na macho ya watu hayajui una nini. Wala hakuna mwenye adabu atakayekuuliza wako wangapi. Hata mwenye kukufugia hasemi idadi, anasema "wanaendelea vizuri." Mimi nimekulia hivyo. Wakili aliponiuliza, mdomo ulijibu wenyewe kabla yangu, kama baba yangu angejibu, na babu yangu. Nilivyoshuka zile ngazi nilijisifu kabisa. Nikasema, wamenivua vyote, lakini kale ka kona hawajakaona.

Wako Kolo, kwa rafiki yangu Issa, Mrangi, tulijuana mnadani kabla hujazaliwa. Na wewe hujawahi kuambiwa kuhusu hao ng'ombe, kwa sababu ni wako.

Ulipozaliwa bibi yako alikuja na mtamba mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Akamfunga pale nje akasema mbele ya watu, "Huyu wa Nyemo, na watakaotoka kwake wa Nyemo." Bibi alipofariki nikampeleka Kolo. Alizaa vizuri sana yule ng'ombe. Binti zake wakazaa. Na mimi, ulipokuwa darasa la tatu, nikataka mtaji wa Kibaigwa. Nikamwendea Issa, nikamwambia atoe dume moja. Akasita. "Si ni wa mtoto hawa?" Nikamwambia, "Na mtoto ni wa nani?" Akaenda kumfunga kamba.

Nilisema nitarudisha. Nilikuwa nalisema kila mwaka, kwa kila dume, baadaye hata majike. Mengine yaliingia kwenye mahindi. Mengine, nikwambie ukweli, yaliingia kwenye bia na kwenye kununulia watu bia ili waniite bosi.

Kuna kitu nikikikumbuka nashindwa kula. Kidato cha tatu ulirudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Ulikaa hapa, ukawa unatoka na mama yako kuuza ubuyu stendi, jioni unaazima daftari la yule binti wa jirani unanakili chini ya taa. Ulinijia ukasema, "Baba, hata nusu?" Nikakwambia hakuna hela, unadhani hela zinaota? Tena nilikukemea. Siku ile, Nyemo, ulikuwa na ng'ombe Kolo. Ulikuwa tajiri kuliko mwalimu mkuu wako. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa juu ya mali yako nakukemea kwa kuniomba.

Mama yako naye nilimwambia walikufa kwa ukame. Ndiyo maana ule uongo kwa wakili ulitoka laini. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi nyumbani.

Wakopeshaji walizikataa barua za wakili, kwa hiyo Jumatatu tunapeleka ombi mahakamani. Mpango wangu ulikuwa huu. Kabla sijakwenda kula kiapo Jumatatu, Issa auze waliobaki kimya kimya, hela itumwe, nikupe wewe iwe ada yako ya mwaka mzima. Niliona nimetenda jambo la kibaba. Wadai wasipate, mtoto asome. Nani angenilaumu?

Leo baada ya chakula Issa akapiga. Nilitoka nje kuongea, ndiyo ile simu uliyoniuliza ni ya nani.

"Mnunuzi yuko hapa, ana hela mkononi. Alfajiri anapakia, mtoto hajapanda basi hela imeshaingia. Sema basi."

Nikasogea karibu na dirisha.

"We bwana, Mgogo gani huyu anaonyeshwa hela anakaa kimya? Au umekufa?"

Nilikuwa nakuangalia kwa dirishani. Ulikuwa umekaa juu ya begi ili mama yako afunge zipu, mnacheka. Nikakuona kesho stendi. Nakupa bahasha, unaifungua, unapiga magoti kidogo vile unavyofanya, unasema, "Asante sana baba, Mungu akubariki." Na mimi naitikia. Nikaona kwamba nitakuwa nimekuibia utoto wako wote halafu nakusubiri unishukuru kwa kukurudishia mkia. Nikakaa juu ya tofali.

Nikamwambia Issa, usiuze.

"Kwa nini sasa?"

"Siyo wangu."

Nikasikia anamwambia mnunuzi arudishe hela mfukoni. Halafu akasema, "Hilo nililijua kabla yako," akakata simu.

Nimelizungusha kichwani jambo hili kila upande. Nikimwambia wakili kwamba ng'ombe ni wangu, basi nimemdanganya, na wataingia kwenye fungu la wadai, wale wa kwenye simu wagawane ng'ombe wa bibi yako. Nikimwambia ni wa binti yangu, atauliza, kama ni wa binti, mbona umekuwa ukiuza miaka yote? Na hapo hakuna jibu ila moja. Bibi yako hayupo, waliosikia siku ile wengi wamekufa au wamehama. Issa na mama yako wataonekana wananitetea tu. Shahidi aliyebaki wa kusema ng'ombe ni wako ni mimi, na siwezi kulisema bila kusema kwamba mimi ni mwizi. Nilipoliona hivyo nilikasirika sana. Nilikasirikia sheria, nikamkasirikia wakili na maswali yake, nikamkasirikia mpaka bibi yako kwa kutoa ng'ombe hadharani. Wote nikawamaliza, nikabaki mimi.

Basi Jumatatu nitapanda zile ngazi kabla hatujaenda popote, nimwambie afute ile "hana". Anaweza kujitoa, alishanionya. Akijitoa nitaanza kutafuta mwingine, na safari hii nitatafuta jina mwenyewe, nimeona ulivyofanya. Mahakama itaamini au haitaamini, sijui. Sikuahidi kwamba ng'ombe watapona. Nakuahidi kwamba hawataliwa na mimi.

Ada ya muhula wa kwanza imeshalipwa. Ulidhani mimi nimechangia kwa sababu mama yako alisema "tumelipa." Amelipa yeye, kwa ubuyu na kwa zamu yake ya kikoba cha akina mama. Mshukuru yeye. Leo jioni, ulipokwenda kuagana na jirani, nilimwambia yote haya. Alikuwa amekunja khanga moja ya begi lako, akaikunjua, akaikunja upya, akaikunjua tena. Mpaka sasa hajanisemesha, na ana haki.

Issa nitampa namba yako. Wakili akisema inaruhusiwa, uamuzi wa kuuza au kutouza ni wako, usiniulize mimi, na ukiuza usinitumie hata ya vocha. Kama utataka kuja siku moja Kolo kuwaona, Issa atakuonyesha. Yule mwekundu alishakufa kwa uzee, lakini kuna mjukuu wake ana doa lile lile.

Usije kuniaga stendi kana kwamba hujasoma hii. Barua nitaiweka juu ya begi, utaikuta ukiamka. Kama hutataka nikubebee mzigo, mpe mama yako, mimi nitatembea nyuma. Ukitaka kunitukana nitukane, nimeshatukanwa na simu ya mtu nisiyemjua, wewe una sababu zaidi.

Kitu cha mwisho. Nitamwambia wakili aandike jina lako kwenye orodha ya wanaonidai. Kausha damu wana risiti, wewe huna, kwa hiyo nitalitaja jina lako wa kwanza, nisije nikalisahau kwa makusudi. Na kwa kuwa deni bila hesabu siyo deni, hiki nakiandika, ingawa mkono unakataa, na baba yangu angenipiga.

Waliobaki ni saba. Niliouza ni kumi na sita.

Mimi baba yako, na mdaiwa wako.